Ukakasi Uliodhaniwa Kuwa Dawa: Kisa cha Gome la Mti na Kimeng'enya cha COX-2

Jina la chuo, la mji na la mti wenyewe nimeyaacha nje kwa makusudi. Mwanafunzi nitamwita Zuhura, ambalo si jina lake. Kisa nakiandika kwa ajili ya wanafunzi wa maabara wanaopima mitishamba kwa vimeng'enya vya binadamu, kwa sababu kosa lililotupata sisi nimeliona tena katika kazi za wengine, na kinga yake inagharimu fedha kidogo mno.

Usuli

Zuhura alikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili. Kijijini kwao, pwani, kuna bibi anayechemsha gome la mti fulani na kuwapa wazee wenye magoti yaliyovimba. Zuhura alimwendea, akampigia shikamoo, akamweleza nia yake na kuomba ruhusa. Bibi alikubali kwa sharti moja: "Mjukuu wangu, ukishajua kilichomo, urudi unieleze na mimi."

Swali la utafiti lilikuwa jepesi kulitamka: je, maji ya gome lile yanazuia COX-2?

Kwa asiyeifahamu, COX-2 ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mageuzi ya kemikali mwilini. Mwili ukiumia, chembe zake hung'oa asidi arakidoniki kutoka kwenye utando wao, na COX huigeuza hatua mbili hadi kuwa malighafi ya prostaglandini. Hizo prostaglandini ndizo zinazochangia wekundu, joto, uvimbe na maumivu. Mwaka 1971 John Vane, akiwa London, alionyesha kwamba aspirini hufanya kazi kwa kuzuia utengenezaji wake, na mwaka 1982 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Sune Bergström na Bengt Samuelsson. Baadaye ikajulikana kuwa COX ni mbili. COX-1 ipo kazini siku zote, na pamoja na mengine huulinda ukuta wa tumbo. COX-2, iliyogunduliwa mwaka 1991, aghalabu hujitokeza panapokuwa na uvimbe. Ndiyo maana watafiti huitafutia kizuizi chake peke yake.

Kimeng'enya tulichotumia ni cha binadamu, lakini hakikutolewa kwa binadamu. Jeni ya binadamu huingizwa ndani ya kirusi cha wadudu, chembe za mdudu zilizokuzwa kwenye chupa huambukizwa kirusi hicho, nazo hutengeneza protini ile. Chembe zinazotumika zaidi zilitokana na ovari za *Spodoptera frugiperda*, yaani kiwavijeshi vamizi, yule yule anayemtoa machozi mkulima wa mahindi wa Tanzania na Kenya. Bakteria wangekuwa rahisi zaidi, ila COX-2 hukaa imejishikiza kwenye utando na inahitaji kubandikwa sukari mahali maalumu, kazi ambayo bakteria wa kawaida wa maabara hawaiwezi. Tena ina hemu, molekuli yenye chuma, katikati yake, kama ilivyo himoglobini ya damu, na bila hemu haifanyi lolote.

Kichupa kimoja cha kimeng'enya hicho ni kidogo kuliko kifundo cha kidole, na kilimeza sehemu kubwa ya bajeti ya Zuhura. Lazima nilitaje hilo, kwa kuwa hofu ya kukipoteza iliongoza maamuzi mengi ya mwanzo.

Kipimo chenyewe kilikuwa cha rangi. COX-2 inapomaliza hatua ya pili ya kazi yake huhitaji elektroni, na tunaiwekea kemikali inayoitwa TMPD iipe elektroni hizo. TMPD ikishatoa elektroni hugeuka bluu. Kimeng'enya kikifanya kazi, kishimo cha pleti, ile sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo, kinakuwa bluu. Kikizuiwa, bluu inapungua. Sisi tukaisoma sentensi hiyo kinyumenyume: bluu ikipungua, basi kimeng'enya kimezuiwa. Hapo ndipo tulipojikwaa.

Kilichotokea

Mzigo ulikwama uwanja wa ndege siku tatu kwa sababu ya karatasi moja ya kibali. Boksi lilipofunguliwa, barafu kavu iliyobaki ilikuwa ya kujaza kiganja. Zuhura alipima nguvu ya kimeng'enya siku hiyo hiyo, akakuta imepungua lakini ipo. Msimamizi wake akaamua waendelee, kwa kuwa kila pleti ingekuwa na vishimo visivyo na dawa vya kulinganishia. Naliona hilo kuwa sawa hadi leo.

Wiki iliyofuata nikapokea picha kwenye WhatsApp, saa nne usiku. Pleti ya vishimo 96. Safu ya kwanza, kimeng'enya bila dawa, bluu iliyokolea. Safu ya selekoksibu, dawa inayojulikana duniani kote kwa kuzuia COX-2, bluu iliyofifia kidogo tu. Safu ya maji ya gome, karibu hakuna bluu kabisa. Chini ya picha ameandika: "Mwalimu, gome limeishinda selekoksibu!"

Alirudia mara tatu, siku tatu tofauti. Matokeo yakawa yale yale. Aliweka pia vishimo vyenye maji ya gome bila kimeng'enya, ili kutoa hesabu ya rangi ya kahawia ya gome lenyewe. Kwa mtu anayepitia kazi hiyo haraka, kila kitu kilikuwa mahali pake. Msimamizi alianza kuzungumzia hataza. Ikisiri ya kongamano iliandikwa na kuletwa kwangu niisome. Niliinyoosha lugha, nikarekebisha vipimo viwili, nikairudisha. Sikuuliza hata mara moja kwa nini selekoksibu ilishindwa. Kosa hilo ni langu.

Aliyeligundua jambo ni fundi sanifu wa maabara, mzee anayekaribia kustaafu. Alikuwa akiosha vyombo vya Zuhura, akaona utando wa kahawia uliogoma kutoka kwenye bilauri.

"Binti, haya maji ya gome yakoje mdomoni?"

Zuhura aliyanywa utotoni kwa yule bibi. Akajibu, "Yana ukakasi, Mzee. Ulimi unakuwa kama umekula bibo."

"Basi hiyo ni dawa ya ngozi. Kwetu magome ya mkoko tulidabaghia ngozi. Ukakasi ule unakamata kila kitu."

Alikuwa akizungumzia tanini. Ukakasi wa bibo, wa ndizi mbichi, wa chai iliyochemka mno, ni tanini zinazozikamata protini za mate na kuzigandisha. COX-2 nayo ni protini. Zuhura hakulala usiku ule, na asubuhi akanipigia simu.

Nilifika mchana. Nilimwomba aandae vishimo vitatu tu, vyote vyenye kimeng'enya, hemu, asidi arakidoniki na TMPD, bila dawa yoyote. Vyote vikawa bluu. Tukasubiri dakika kadhaa, kwa makusudi. COX-2 hujiua yenyewe ikiwa kazini: baada ya dakika moja au mbili za kugeuza asidi arakidoniki, sehemu kubwa ya vimeng'enya imeshaharibika. Kwa hiyo tulipoanza, kazi ilikuwa imekwisha na bluu imekaa.

Kishimo cha kwanza tukatia tone la bafa, kimiminika kisicho na dawa. Kikabaki bluu. Cha pili tukatia tone la vitamini C. Bluu iliondoka kabla sijainua pipeti. Cha tatu tukatia tone la maji ya gome. Bluu ikaondoka vile vile, ikabaki rangi ya chai nyepesi.

Hapakuwa na kimeng'enya kinachofanya kazi cha kuzuiwa. Gome lilikuwa linairudishia TMPD elektroni zake, nayo inarudi kutokuwa na rangi, kama vitamini C inavyofanya. Zuhura alikitazama kile kishimo cha tatu kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo mimi nilipaswa kuliuliza wiki tatu kabla: "Na selekoksibu je, Mwalimu? Yenyewe ilishindwa kwa nini?"

Tulifungua daftari lake. Katika utaratibu aliorithi kwa mwanafunzi aliyemtangulia, asidi arakidoniki ilitiwa papo hapo baada ya dawa. Selekoksibu haifanyi kazi hivyo. Inaingia kwenye kijumba cha pembeni ndani ya COX-2, kilicho wazi kwa sababu katika nafasi ya 523 ya mnyororo wa asidi amino kuna valini, wakati COX-1 ina isolusini iliyo kubwa zaidi na inayoziba njia. Kuingia na kutulia humo kunachukua muda. Tuliiacha na kimeng'enya dakika kumi kabla ya kutia asidi arakidoniki, na bluu ikashuka kama inavyotarajiwa.

Makosa yalikuwa mawili, basi, na kila moja lilimpamba mwenzake. Moja lilifanya gome lionekane kali, lingine likafanya dawa halisi ionekane dhaifu. Bila moja kati ya hayo tungeshtuka mapema.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza lilikuwa kuiondoa ikisiri. Msimamizi hakulipenda. Hoja yake ilikuwa kwamba watu wataona marekebisho kwenye bango siku ya kongamano, na kwamba nafasi ya kijana kusafiri haipatikani mara mbili. Zuhura ndiye aliyeamua. Kichwa cha ikisiri chenyewe kilidai gome ni kali kuliko selekoksibu, na kitabu cha kongamano kingebaki na dai hilo milele, bango libandikwe lisibandikwe. Aliandika barua ya mistari minne akaituma jioni ile ile.

La pili lilikuwa kubadili kinachopimwa. Tuliacha rangi ya TMPD tukapima prostaglandini yenyewe kwa kingamwili, kwa njia ya ELISA. Ni ghali na inachukua siku nzima, lakini inahesabu bidhaa ya kimeng'enya. Hata hapo hatukuiamini mara moja, kwani tanini zinazokamata protini zinaweza kuikamata kingamwili pia. Zuhura alichukua kiasi anachokijua cha prostaglandini, akakichanganya na maji ya gome, akapima kama kitaonekana chote. Katika maji ya gome yaliyokolea hakikuonekana chote. Katika yaliyozimuliwa kilionekana. Kwa hiyo tulifanya kazi na yaliyozimuliwa tu.

La tatu, kuondoa tanini, lilituletea ubishi wenye faida. Mwenzetu mmoja alishauri tutie albumini ya damu ya ng'ombe, ambayo hunyonya tanini kama sifongo. Ni ushauri unaofaa kwa vimeng'enya vingi, lakini kwa COX ungetuharibia, maana kazi mojawapo ya albumini mwilini ni kubeba asidi za mafuta, na asidi arakidoniki ni asidi ya mafuta. Albumini ingeipokonya COX-2 chakula chake, na sisi tungeita huko kupungua "kuzuiwa". Badala yake tulitumia PVPP, unga usioyeyuka unaozishika tanini, kisha tukauchuja nje pamoja nazo.

Mwisho tulitaka kujua kama gome linachagua au linakamata chochote kilicho mbele yake. Tulihitaji kimeng'enya kisicho na uhusiano wowote na uvimbe, kisicho na gharama. Zuhura alitumia mate yake mwenyewe, yenye amilesi, pamoja na uji mwepesi wa wanga na iodini. Penye mate peke yake, wanga ulimeng'enywa na bluu nyeusi ya iodini haikutokea. Penye mate na maji ya gome, bluu nyeusi ilitokea: wanga ulibaki. Safari hii rangi haikuweza kutudanganya upande ule ule, kwa kuwa vitu vinavyotoa elektroni huifuta bluu ya iodini, haviiongezi.

Kimeng'enya kipya hatukuagiza, ingawa msimamizi alitaka, akidhani siku tatu za uwanja wa ndege ndizo zilizoharibu kila kitu. Vishimo vitatu vya mchana ule vilikuwa vimeshaonyesha tatizo liko wapi.

Matokeo

Prostaglandini ilipopimwa yenyewe, maji ya gome yalizuia COX-2, lakini kwa kiwango kikubwa zaidi cha gome kuliko pleti za mwanzo zilivyodai. Baada ya kupitishwa kwenye PVPP, sehemu kubwa ya uwezo huo ilitoweka. Amilesi nayo ikawa huru. Kilichobaki ni kuzuia kidogo, kwenye kiwango cha juu tu, kulikojirudia kila Zuhura alipopima. Tasnifu ilibadilishwa kichwa, ikachelewa muhula mmoja, ikapita.

Uchambuzi

Nimeshaulizwa: si alirudia mara tatu? Ndiyo, na namba zilikubaliana vizuri. Kurudia kunapima kama mkono umetulia. Utaratibu wenye kasoro, ukirudiwa na mkono uliotulia, unatoa kasoro ile ile kwa unadhifu zaidi. Ilitakiwa njia ya pili, inayoweza kukosea kwa namna nyingine.

Vile vishimo vya gome bila kimeng'enya ndivyo vilivyotuliza roho za watu wote, nami nikiwamo, na nataka mwanafunzi avielewe vizuri. Vinasahihisha kahawia ya gome. Havina uwezo wowote wa kuonyesha kuwa gome linafuta bluu, kwa sababu ndani yake hakuna bluu ya kufutwa. Kontroli, yaani kishimo cha kulinganishia, iliyotufaa ni ile ya kutia gome baada ya bluu kutokea. Inachukua dakika tano na tone moja la kimeng'enya. Vitamini C ya kulinganishia inauzwa duka la dawa lolote.

Kuhusu selekoksibu, nina uchungu nayo hadi sasa. Dawa iliyoidhinishwa Marekani tangu 1998, ambayo maabara nyingi zimeipima kwenye kimeng'enya hiki hiki, imegoma kwenye pleti yetu, na sisi tukaisoma habari hiyo kama ushindi wa gome. Kontroli chanya, yaani dawa inayojulikana kufanya kazi, ikifeli, pleti nzima imefeli, na safu nyingine zote hazina haki ya kusomwa. Tungeheshimu kanuni hiyo moja, tungerudi kwenye utaratibu usiku ule wa saa nne, na kosa la pili lingefuatia kuonekana.

Lakini nisiifanye tanini kuwa uongo mtupu, maana nimeona watu wakiruka kutoka kosa moja hadi jingine. COX ili ianze kazi inahitaji peroksidi kidogo ya kuiwasha, na ndani yake kuna asidi amino iitwayo tairosini, nafasi ya 385, inayobeba radikali (elektroni isiyo na mwenzake) wakati wa kazi. Kitu chenye kugawa elektroni kwa wingi kinaweza kuipunguza peroksidi ile, au kuizima radikali, na hapo kimeng'enya kitakuwa kimezuiwa kwelikweli. Ndiyo sababu hatukuweza kulitupa gome kwa kishimo kimoja cha bluu. Kipimo cha rangi hakikuweza kutenganisha mambo hayo, ila kipimo cha prostaglandini kiliweza kuonyesha jumla yake.

Uamuzi wa kuendelea na kimeng'enya kilichochelewa ulifaulu kwa sababu nguvu yake ilipimwa siku ile ile na kuandikwa. Kama isingepimwa, uwanja wa ndege ungebebeshwa lawama ya kila namba mbaya, na tungetumia fedha kununua kichupa kingine cha kukosea nacho.

Na Mzee wa maabara. Hakuwa kwenye orodha ya washauri wa utafiti ule na hakuna aliyekuwa amempa ikisiri asome. Alichojua kuhusu magome alikipata kwenye mapipa ya kudabaghia ngozi. Tasnifu inamtaja kwa jina kwenye shukrani, jambo ambalo Zuhura alilisimamia mwenyewe.

Zuhura alirudi kijijini kutimiza ahadi. Alimweleza bibi kwamba ukakasi ndio uliofanya kazi kubwa kwenye chupa, na kwamba tanini kubwa kubwa hazipenyi kirahisi utumbo kwenda gotini, kwa hiyo chupa haikuweza kusema lolote kuhusu magoti ya watu wake. Bibi alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Kwa hiyo nisiwape?" Zuhura alimjibu kwamba hilo hakulipima. Kisha, akiwa ameshanyanyuka kuaga, akamuuliza swali ambalo halikuwemo kwenye fomu yake ya mwanzo: wagonjwa wakija kuchukua gome, wanakuwa wanatumia nini kingine?

"Ah, wengi wana vidonge vyao vya dukani," alisema bibi. "Diklofenaki. Wanameza usiku, asubuhi wanakuja kunishukuru."

Diklofenaki inazuia COX-2. Zuhura alikaa tena mkekani, akafungua daftari, akaanza kumuuliza bibi ni wangapi.